Jinsi ya kupima na kuboresha transmita ya ditekta ya dhahabu ya mapigo

Ndugu zangu, maswali yanayonifikia ni yale yale kila wiki. Mmoja anasema ditekta yake inashika panga na jembe vizuri ila kichembe cha dhahabu haikisikii kabisa, mwingine anauliza akiongeza betri, je ditekta itasikia kina kirefu zaidi, mwingine mosfeti (ile transista inayowasha na kukata umeme wa koili) iliungua akaweka nyingine na tangu siku hiyo mashine imekufa ganzi. Yote haya matatu yanatoka sehemu moja, upande wa kutuma, na watu wengi wanahangaika na upande wa kupokea miezi mitatu huku tatizo limekaa kwenye transista moja na rezista mbili. Kwa hiyo nimeandika yote hapa kwa mpangilio, fuata namba usiruke.

Ninachozungumzia ni ditekta za mapigo, zile za kujiundia zenye taima 555 (IC ndogo ya kupanga muda wa mapigo) na mosfeti moja inayopiga koili. Wachimbaji wadogo wengi wa Geita, Kahama, Chunya na kule Migori wanazipenda kwa sababu udongo wetu mwekundu una chuma kingi na aina hii inauvumilia kuliko zile za mawimbi ya kuendelea. Kama yako ni ya aina nyingine, mwongozo huu sio wako.

Nadharia kidogo tu halafu tunaanza kazi. Mosfeti inafungua, umeme unapanda kwenye koili kwa muda mfupi sana, halafu mosfeti inakata ghafla. Ule mkato ndio unaoamsha umeme mdogo ndani ya metali iliyofukiwa, na huo umeme mdogo ndio tunausikiliza. Kwa kichembe kidogo cha dhahabu unakufa ndani ya mikrosekunde chache, kwa hiyo kama koili yako yenyewe inachukua mikrosekunde 30 kutulia basi unafika msibani watu wameshazika.

Na hapa ndio penye kosa kubwa la wanaoanza, wanadhani nguvu ni ampea. Kwa kitu kidogo kilicho mbali na koili, mlio unapungua kwa kipeo cha sita cha umbali. Maana yake ukiongeza umeme wa koili mara mbili unapata kina cha ziada kama asilimia 12 tu, yaani kama ilikuwa inashika sm 20 sasa itashika sm 22 na kidogo, na betri inalia. Ukiufanya mkato uwe wa haraka na koili itulie mapema unaanza kusikia vitu ambavyo kabla havikuwepo kabisa. Ndio maana kazi yote hapa chini ni ya mkato.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Multimita ya kawaida, yenye kupima Hz ni bora zaidi, na iwe inafika volti 1000 DC.
- Osiloskopu kama unaweza kuazima, ya MHz 20 inatosha kabisa, na probu ya x10 au x100 (inayogawa volti kwa 10 au 100). Huna? Usijali, nimeweka njia ya multimita kwenye hatua zinazowezekana.
- Betri ya volti 12, ya pikipiki au selo tatu za 18650 zilizofungwa mfululizo zenye ulinzi wake. Kale kabetri kamraba ka volti 9 weka pembeni, hakawezi kutoa ampea 3 hata kwa sekunde ndogo.
- Rezista ya 0.1 omu ya wati 1 au zaidi, rezista za 330, 390, 470, 560, 680 omu za wati 2 za kaboni au metali-filamu, sio za waya.
- Mosfeti IRF740 halisi mbili za akiba, transista BC327, dayodi 1N4148, dayodi UF4007 mbili.
- Kapasita ya 2200 µF ya volti 25, na ya 10 nF ya volti 1000.
- Pete ya dhahabu au kipande kidogo cha risasi, rula ya mbao, na karatasi ya kuandikia. Karatasi ni lazima, kichwa kinasahau.

Vifaa hivi Kariakoo au Luthuli Avenue Nairobi unapata vyote kwa siku moja, ila hizo mosfeti mbili nunua kutoka maduka mawili tofauti, sababu utaiona kwenye hatua ya 5.

Tahadhari mbili. Kwenye dreni ya mosfeti (mguu unaoungwa na koili) kuna mruko wa volti 400 kila pigo hata kama betri yako ni volti 12, hautakuua ila utakurusha na chuma cha kulehemu mkononi, kwa hiyo zima kabla hujagusa. Ya pili, vile viosiloskopu vidogo vya kujiunga kama DSO138 vinavumilia volti 50 tu, ukivichomeka dreni moja kwa moja umevizika, na hata visipoungua havina kasi ya kuonyesha kitu tunachotafuta.

Mfano nitakaotumia mwanzo hadi mwisho ni huu: koili mizunguko 25 ya waya wa mm 0.5, kipenyo sm 20, ambayo inatoka karibu mikrohenri 300. Taima 555 ina rezista ya 100k na ya 1.6k na kapasita ya 100 nF, inasukuma transista ndogo ya PNP, hiyo inasukuma geti ya IRF740 (mguu unaoifungua na kuifunga mosfeti). Rezista ya kutuliza koili, ile iliyo sambamba na koili, ni 390 omu. Ya kwako ikiwa tofauti weka namba zako, hesabu ni zile zile.

Hatua ya 1: Pima bila umeme

Chomoa betri, chomoa koili, pima omu za koili. Kwanza gusanisha ncha za mita uone inasoma ngapi yenyewe halafu toa, maana mita nyingi zina 0.3 au 0.4 za kwao na hapa tunatafuta namba ndogo. Waya wa mm 0.5 wa mita 16 hivi unatakiwa kutoa kama 1.4 omu. Ukipata 3 au 4 basi kuna lehemu baridi au plagi imeota kutu. Ukipata 0.9, aidha mizunguko ni pungufu au waya umechubuka na mizunguko imegusana, na koili yenye mizunguko iliyogusana haitengenezeki, ifumue.

Halafu angalia kama kuna mtu ameweka dayodi sambamba na koili. Hili nakutana nalo sana kwa vijana waliotoka kwenye rilei na mota, wamefundishwa kila koili iwekewe dayodi ya ulinzi. Kwenye ditekta hiyo dayodi inafanya umeme wa koili uzunguke na kufa taratibu badala ya kukatika. Itoe. Mosfeti ya IRF740 imetengenezwa kuvumilia huo mruko wenyewe.

Hatua ya 2: Andika hali ya sasa

Laza koili juu ya meza ya mbao isiyo na misumari, mbali na simu, mbali na chaja, saa ya mkononi vua. Simamisha rula, sogeza pete kutoka juu ukishuka taratibu, andika sm ambayo mlio unabadilika. Rudia mara tano uchukue ya katikati. Tarehe, volti ya betri, namba. Bila hii utabadilisha vitu vitano na hutajua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu, nimeona watu wanarudisha mashine nyuma huku wanashangilia kwa sababu mlio umekuwa mkubwa zaidi. Mlio mkubwa na kina ni vitu viwili.

Hatua ya 3: Pima mapigo ya taima

Weka mita kwenye Hz kati ya geti na negative. Kwa rezista za mfano wetu inatakiwa isome karibu 140. Urefu wa pigo lenyewe unaupata kwa 0.693 × 1600 × 100 nF = mikrosekunde 111. Mwenye osiloskopu aangalie getini: pigo lifike angalau volti 10. IRF740 inaanza kufunguka kwenye volti 2 mpaka 4 ila haijafunguka yote mpaka ipate kama 10. Wale mnaosukuma mosfeti hii na Arduino ya volti 5 moja kwa moja, hapa ndipo mnapopotezea, mosfeti inakaa nusu mlango na inachemka.

Hatua ya 4: Pima umeme wa koili

Katikati ya sosi ya mosfeti (mguu unaokwenda negative) na negative weka ile rezista ya 0.1 omu, miguu mifupi kabisa. Osiloskopu ukiweka juu yake kila milivolti 100 ni ampea 1. Utaona mstari unapanda na kupinda kidogo halafu unaanguka wima. Kwa mfano wetu, ukijumlisha koili, mosfeti yenye 0.55 omu, waya na betri unapata kama 2.2 omu, na kilele kinakuja karibu ampea 3.

Huna osiloskopu? Pima milampea zinazotoka betri kwenda upande wa kutuma tu. Inatakiwa iwe kwenye 25 mpaka 30 za koili, ongeza na za taima kama 10 hivi. Ukikuta 10 au chini ya hapo ujue koili haipigwi, ukikuta 300 ujue kuna mtu amebadilisha rezista ya pigo.

Kwenye hiyo 300 nisimame kidogo. Kuna ushauri unazunguka kwamba toa 1.6k weka 10k ili koili ipate nguvu. Nimeifanyia hesabu: pigo linakuwa mikrosekunde 693, kilele kinapanda kutoka ampea 3 mpaka 5.4, betri inaliwa milampea 365 badala ya 26, mara 14 nzima, na kina unachopata kwa kichembe ni asilimia 10. Mtu anatembea porini na betri ambayo ingemfikisha jioni ikafa saa nne asubuhi. Tafadhali usifanye hivyo.

Hatua ya 5: Pima mruko wa dreni

Hiki ndicho kipimo cha maana kuliko vyote, fanya hata kama vingine umeviruka. Mwenye osiloskopu: probu ya x100, au ya x10 kama osiloskopu yako inavumilia, na kaguwa mara mbili kwamba swichi ya probu haiko x1. Weka dreni. Unatakiwa kuona mstari unaruka mpaka 400 na kidogo, unakuwa bapa juu kwa kama mikrosekunde moja na nusu, halafu unashuka. Ule ubapa ni mosfeti imezidiwa inapitisha kwa nguvu, ni kawaida.

Mwenye multimita tu: chukua UF4007, upande usio na mstari weka dreni, upande wenye mstari weka kwenye kapasita ya 10 nF ya volti 1000, mguu wa pili wa kapasita kwenye negative. Mita weka DC volti 1000 juu ya kapasita. Washa. Kapasita inajaa mpaka kileleni na mita inasoma pungufu kidogo tu ya ukweli. Ukizima, toa umeme wa kapasita kwa rezista ya 10k kabla hujashika, usitumie kidole.

Sasa soma:

Ukipata 390 mpaka 450, mosfeti ni nzima na ni yenyewe. Ukipata 55 au 60, umewekewa IRFZ44N (mosfeti ya volti 55) au ndugu zake. Ukipata 100 mpaka 130 ni IRF540. Ukipata namba ya ajabu kama 220 kwenye mosfeti iliyoandikwa IRF740, ni feki, imeandikwa tu juu. Mimi niliuziwa tano za namna hiyo duka moja, maandishi mazuri kabisa, zote zilikatikia chini ya 250, na bila kipimo hiki ningelaumu koili mpaka leo.

Kwa nini hii ni muhimu hivyo? Umeme wa ampea 3 kwenye mikrohenri 300 ukikatwa kwa volti 400 unaisha ndani ya mikrosekunde mbili. Ukikatwa kwa volti 55 unachukua 16, na hapo bado koili haijaanza kutulia. Kuna kaka mmoja mchimbaji alikuja na mashine yake kutoka Chunya, fundi alimwekea IRFZ44N kwa nia njema kabisa, alisoma kwamba ina omu ndogo sana kwa hiyo itapitisha umeme mwingi, na kweli umeme uliongezeka. Mashine ikawa inalia kwa bati lililofukiwa vizuri sana ila pete ya mke wake haioni mpaka iguse koili. Tulitoa mosfeti moja tukarudisha IRF740, hatukugusa kitu kingine, akaweka pete juu ya rula akasogeza, ikalia ikiwa bado mbali na koili. Alinyamaza, akarudia mara tatu, halafu akaniuliza wiki sita alizotembea bondeni zinarudije.

Kutoka hapa tumemaliza kupima, tunaanza kuboresha. Badilisha kitu kimoja, rudi hatua ya 2, andika, ndipo uendelee.

Hatua ya 6: Kapasita karibu na koili

Lehemu 2200 µF kati ya positive ya koili na sosi ya mosfeti, miguu mifupi, sio huko mwisho wa bodi kwenye plagi ya betri. Pigo moja linachota umeme ambao kwenye kapasita ya 100 µF unashusha volti karibu 2, kwenye 2200 unashusha chini ya volti 0.1. Upande wa kupokea upe umeme wake kupitia rezista ya 10 omu na kapasita ya 470 µF ili usitikisike kila pigo, na negative zote zikutane sehemu moja, hapo kwenye mguu wa kapasita kubwa. Hii hatua haina ujanja, ifanye tu.

Hatua ya 7: Funga geti haraka

Kwenye sakiti nyingi za 555 na PNP, geti inafunguliwa na transista ila inafungwa na rezista peke yake, 220 omu au hata 1k. Geti ya IRF740 ni kama ndoo, lazima umwage umeme wote ndipo mosfeti ifunge, na kupitia 220 unachukua mikrosekunde nzima na zaidi, kupitia 1k ndio kabisa. Mruko unapanda kwa kujikongoja.

Tenganisha geti na sehemu ilipokuwa imeungwa. Kati ya ile sehemu na geti weka 1N4148, mstari uangalie geti. BC327 weka emita kwenye geti, besi kwenye ile sehemu ya zamani, kolekta kwenye negative. Rezista ya kushusha, ile ya 220 au 1k, ibaki pale pale kwenye besi. Pigo likija umeme unapita kwenye dayodi unajaza geti, pigo likiisha besi inashuka na BC327 inamwaga geti yote kwa mkupuo.

Angalia miguu: BC327 ukiitazama upande bapa ni kolekta, besi, emita kuanzia kushoto. Ukitumia 2N3906 ni kinyume chake, emita, besi, kolekta. Watu wengi wanakwama hapa halafu wanasema sakiti ni ya uongo. Na usiweke mbali, sm 1 au 2 kutoka getini, waya mrefu hapo unaleta mtetemo mwingine mpya.

Hatua ya 8: Tafuta rezista yako ya kutuliza

Wote wanaandika 390 kwa sababu sakiti waliyonakili imeandika 390, lakini rezista hii ni ya koili YAKO na kebo YAKO. Ikiwa kubwa mno koili inatetemeka kama kengele baada ya mkato na mpokeaji anasikia kengele. Ikiwa ndogo mno koili inatulia taratibu kama asali inadondoka. Kati yake kuna pointi moja nzuri.

Chomoa upande wa kupokea. Toa 390, weka 4.7k kwa muda. Kwenye osiloskopu utaona mawimbi baada ya mruko, yasome yale ya mwisho madogo, yale ya kwanza yanakatwa na mosfeti hayana ukweli. Hesabu wimbi moja ni mikrosekunde ngapi. Likiwa 2.5 ni 400 kHz, na kwa mikrohenri 300 ina maana una kama pikofaradi 530 zilizojificha kwenye koili, kebo na mosfeti, kana kwamba kuna kapasita ndogo imefungwa hapo. Rezista yake ni nusu ya mzizi wa (L kugawa kwa C), L ikiwa henri za koili na C faradi zilizojificha, inakuja karibu 377. Ukibahatika kupata 600 kHz, pikofaradi ni 235 na rezista inapanda mpaka 565, na koili inatulia mapema zaidi. Unaona sasa kwa nini kunakili hakufai.

Ukirudisha upande wa kupokea kumbuka ile rezista yake ya 1k na dayodi mbili za ulinzi, dayodi zikipitisha hiyo 1k inakuwa sambamba na rezista yako, kwa hiyo anza na thamani iliyo juu kidogo ya hesabu, mfano hesabu imesema 377 anza na 680, ushuke mpaka mtetemo upotee. Simama hapo hapo, usizidishe.

Bila osiloskopu: weka rezista za 680, 560, 470, 390, 330 moja baada ya nyingine na kila moja fanya kipimo cha rula. Kina kitapanda halafu kitashuka. Chukua ile ya kileleni. Inachukua nusu saa na inafanya kazi.

Wati iwe 2 kweli. Sio kwa sababu ya joto tu, ni hasa kwa sababu ya volti, rezista ndogo ya robo wati imetengenezwa kwa volti 250 na wewe unaipiga 400 mara mia na arobaini kwa sekunde. Itabadilika thamani taratibu na ditekta itaanza kuhama yenyewe.

Hatua ya 9: Punguza pikofaradi

Kila pikofaradi unayotoa ni muda unaopata. Kebo ya koaksi kama RG58 ina karibu pikofaradi 100 kwa kila mita, kwa hiyo kebo ya mita 2 iliyojizungusha kwenye mti wa ditekta ikate ibaki mita 1. Koili ya waya wa vanishi iliyobanwa pamoja ina nyingi, ukisuka kwa waya wenye ganda nene la plastiki mizunguko inakaa mbali mbali na zinapungua. Usitumie skrubu za chuma kwenye kichwa cha koili, hata moja.

Kuna la ziada kwa aliyefika hapa salama: UF4007 mfululizo kati ya koili na dreni, mstari ukiangalia dreni, na rezista ya kutuliza ibaki upande wa koili. Dayodi inazificha pikofaradi za mosfeti zisionekane na koili ikishaanza kushuka. Unapoteza kama volti moja, sio mbaya. Usiweke 1N4007 hapo hata kama zinafanana kwa sura, ni nzito kufunga. Ukishaweka rudia hatua ya 8, rezista itakuwa imepanda.

Hatua ya 10: Fupisha pigo, ongeza idadi

Hii iwe ya mwisho. 1.6k iwe 1k, pigo linakuwa mikrosekunde 69 na kilele kama ampea 2.2. 100k iwe 47k, mapigo yanakuwa karibu 294 kwa sekunde. Betri inakula karibu sawa na zamani ila mpokeaji sasa ana mapigo mara mbili ya kuchuja kelele. Kwa vichembe vidogo ni nzuri, anayetafuta mabati na mabomba makubwa abaki na pigo refu. Mlio utabadilika sauti, usishtuke, na kizingiti cha upande wa kupokea lazima ukiweke upya. Karibu na nyaya za umeme 294 inapigana na 300, ambayo ni mara sita ya 50 Hz ya gridi, utasikia mlio unapanda na kushuka kama mawimbi, sogeza rezista iwe 51k au 43k.

Ikikataa

*Mosfeti inachemka mpaka huwezi kuishika.* Pigo ni refu mno, au geti haifiki volti 10, au taima imegeuka na mosfeti iko wazi muda wote. Pima Hz getini kwanza, na DC ya geti: kwa pigo fupi mita itasoma chini ya volti 1. Ikisoma 10 au 11, zima haraka.

*Mruko ni volti 100 au 200 na una uhakika mosfeti ni halisi.* Umeme wa koili haufiki hata nusu ampea, betri au lehemu, au geti inafungwa polepole, rudi 7. Ikiwa yote ni sawa basi mizunguko ya koili imegusana.

*Baada ya hatua ya 7 hakuna kitu kabisa, kimya.* 1N4148 imegeuzwa. Asilimia kubwa ni hiyo. Ikiwa iko sawa angalia miguu ya transista.

*Inashika vizuri mezani, porini inalia ovyo ukigusa majani.* Sio transmita, ni koili haina ngao au kebo inacheza kwenye plagi. Tikisa kebo kwa mkono huku koili imetulia, ikilia ni plagi.

*Kina kinapungua baada ya dakika 20.* Pima betri ikiwa inafanya kazi, sio ikiwa imepumzika. Ikiwa volti imesimama, gusa rezista ya kutuliza ukiwa umezima: ikiwa ya moto na rangi imeanza kuwa kahawia, ni ya wati ndogo, badilisha halafu rudia kipimo cha rula.

*Ilikuwa nzuri, nimebadilisha koili tu imeharibika.* Koili mpya, rezista mpya. Rudi hatua ya 8.